Kwa nini wachoraji wa Ufaransa waliacha mtindo wa kiakademia?

Mwalimu wa sanaa, Moshi: Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini wachoraji wa Paris waliacha picha laini za kiakademia, yaani za mtindo uliofundishwa katika vyuo rasmi vya sanaa, wakaanza kuacha alama za brashi zionekane. Niwaeleze nini?

Mchoraji, Arusha: Mwalimu, anza na Saluni, maonyesho rasmi ambayo majaji wake walithamini visa vya kale na rangi zilizolainishwa. Mwaka 1863 majaji hao walikataa kazi nyingi mno hata Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, akaamuru zionyeshwe kando, na mwaka 1874 Monet, Renoir, Degas na wenzao wakaandaa maonyesho yao wenyewe.

Msomaji, Moshi: Naongezea mrija wa bati wa rangi, uliobuniwa mwaka 1841, kwani ulimrahisishia mchoraji kufanya kazi nje na kuuwahi mwanga. Wapeleke wanafunzi waichore Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alfajiri. Theluji yake hubadilika rangi kabla brashi haijakauka.