Tunauziwa kibali cha "nzi pekee", usiku mdomo wa kijito unazibwa kwa wavu

Wadau, leo sina picha ya samaki. Nina hasira tu, na lile bwawa la kuvulia samaki aina ya trauti, kule juu upande wa milima ya Aberdare, Kenya. Wanaolijua wanalijua.

Getini unasomewa sheria utadhani unaingizwa rumande: nzi bandia pekee (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu), minyoo hapana, spina (chambo cha chuma kinachozunguka majini) hapana, ndoana isiwe na mwiba, wadogo warudishwe. Sawa, ndivyo inavyotakiwa. Nikalipa, risiti ninayo. Nikazunguka hadi kijito kinapoingilia, maana trauti kahawia hupenda kukaa kandokando, analinda kipande chake, na jua likianza kuteremka ndipo anainuka kula.

Nikakuta nini? Wavu. Umefungwa mti huu hadi ule, ng'ambo kwa ng'ambo, mdomoni kabisa mwa kijito. Kamba ya buluu, maboya ni chupa za soda. Tundu zake kidole gumba hakipiti. Ndani amenasa jike, tumbo limejaa mayai, nyuzi zimemchuna ngozi nyuma ya mashavu hadi nyama nyeupe inaonekana. Bado alikuwa anapumua.

Kwa wasiojua: trauti hatagi kwenye maji yaliyotuama. Lazima apande kijito chenye changarawe na maji yanayokimbia, jike achimbe kwa mkia, atage, afukie. Ukiziba mlango huo humvui samaki mmoja, unamaliza kizazi.

Nikamwita askari. Akautazama ule wavu kama kitu kilichodondoka mbinguni, kisha akaniambia, "Mzee, hao ni watu wa wakubwa. Wewe endelea na vinzi vyako." Vinzi vyangu! Na jioni huyo huyo akaja kupapasa ndoana yangu kuona kama ina mwiba.

Najua kuna atakayesema hawa ni samaki wa mzungu, nani ana haja nao. Ni kweli, mayai yalitoka Loch Leven, Uskoti, na mlowezi Mwingereza Grogan ndiye aliyewatia mto Gura, huko huko Aberdare, mwaka 1905. Kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, nacho kinatotoa trauti tangu 1948. Kama hawatakiwi tena, semeni, mfute sheria na mwache kutukata pesa getini.

Wala msiniletee ile ya "maskini ale nini". Kijana wa kijijini mwenye fimbo na mnyoo sina ugomvi naye. Akipata wawili anakwenda zake nyumbani. Wavu wa namna ile ni biashara. Alama za magurudumu ya pikipiki zimefika hadi majini, na gunia lenye magamba limeachwa pale pale, hata aibu ya kulificha hawana.



Ninachotaka kujua: mwenye mamlaka ya kuutoa wavu ule ni nani hasa? Wa maji, wa misitu, wa wanyamapori au wa samaki? Nimepiga simu kote, kila mmoja ananisukumia kwa mwenzake. Kama kuna aliyewahi kupeleka shtaka la namna hii likafika mahali, aandike hapa alipeleka ofisi gani na alidaiwa ushahidi upi. Picha za wavu ninazo, na za gunia pia.