Kampuni imezima soketi za hita yadini, lori likigoma kuwaka anakatwa mshahara dereva!!

Wakuu habari zenu, leo naandika nikiwa na hasira kwelikweli. Mnaoendesha malori huku Winnipeg, Kanada, mtanielewa haraka, wa nyumbani ntawaeleza kidogo ili mjue tunalia nini.

Huku mwezi wa kwanza usiku hasi 20 ni kitu cha kawaida kabisa, na ikichachamaa inapita hasi 30. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli, inategemea hewa ibanwe mpaka ipate joto la kuchoma mafuta. Sasa lichuma lote lile limelala nje usiku kucha, joto la ule mbano linaishia kwenye chuma, oili imekua nzito kama uji wa ulezi uliopoa, betri imebaki na nusu ya nguvu yake, unategemea nini hapo? Ndo maana malori ya huku yana hita kwenye bloki ya injini. Sio kitu cha ajabu, ni koili inayokaa ndani ya maji ya rejeta, waya wake unatokea mbele kwenye bampa, unauchomeka kwenye soketi ya volti 120. Ikikaa kwenye umeme masaa matatu manne kabla ya safari, asubuhi unapiga stata mara moja tu linaitika.

Haya, njoo kwetu sasa. Yadi yetu ina nguzo za soketi mstari mzima, zilijengwa kwa kazi hiyohiyo. Msimu huu wamezizima karibu zote eti bili ya umeme imekua kubwa. Zinazofanya kazi vizuri ziko upande wa ofisi, na wanaochomeka pale ni watu wa ofisini na vigari vyao vidogo ambavyo wanakaa navyo mchana tu!! Sisi wenye malori tumeachiwa laini moja tugombanie. Hita ya lori langu inakula wati 1500, hiyo ni ampea 12 na nusu, na breka ya pale, ile swichi ya kukata umeme ukizidi, ni ya ampea 15, kwahiyo akija mwenzako saa nne usiku akachomeka na lake hapo pembeni breka inakata palepale na hamna anayejua, wote mmelala mnajua magari yanapashwa kumbe waya umekufa zamani.

Nikasema basi niliache linaunguruma usiku kucha. Hapo napo ni kesi, maana kompyuta ya lori inawapelekea kila dakika ambayo injini imewaka bila gari kutembea, asubuhi unakuta meseji, dereva unachoma mafuta bure, na bonasi ya mafuta imeondoka. Yaani kuchomeka hutakiwi, kuunguruma hutakiwi, ila saa kumi na moja alfajiri lori liwake. Kwa uchawi gani???

Wiki iliyopita ndo yamenikuta. Nimefika kwenye gari giza bado, waya umekakamaa haukunjiki, barafu imezunguka kichwa cha plagi mpaka nikaibandua kwa bisibisi, nikavua glovu nikashika bloki, ya baridi vilevile kama haijawahi kuona umeme. Nikapiga stata ikaburuza, nikapiga tena ikabaki ta ta ta. Nampigia dispacha, yule wa ofisini anayetupangia safari, ana mzigo wa Fargo kule Marekani anataka nivuke mpaka wa Emerson mapema, anachonijibu ni kwamba ningeamka usiku nikague breka. Mimi ndo mlinzi wa breka? Na huku tunalipwa kwa maili, gari likisimama na mimi sihesabiwi kitu.

Fundi wa karakana akaja na kopo la etha, ile dawa ya kuwashia injini inayoshika moto haraka, kaka pulizia kwenye hewa litawaka. Nikamkatalia. Injini ile ina kipasha hewa kwenye njia ya kuingilia, ukipulizia etha kikiwa cha moto inaweza kulipuka ikapasua vitu, halafu hapo tena ntaambiwa dereva kaua injini. Mwishowe wakaita gari la huduma, likabusti betri na kupuliza hewa moto chini ya injini mpaka likawaka, jua limeshapanda. Na ile risiti ya gari la huduma imekuja kutokea kwenye malipo yangu!! Wameandika uzembe wa dereva.

Na si mimi peke yangu. Kuna mwenzetu alichoka akanunua ekstensheni yake avute umeme kutoka mbali, akapata ile nyembamba ya taa za Krismasi, ikapata moto ikayeyuka pale kwenye maungio, naye akakatwa ya soketi. Wanaotaka kununua tafadhali chukueni ya geji 12, yenye waya mnene, ya kutumika nje, msiunguze gari. Mwingine dizeli yake ilifanya nta kwenye filta akaulizwa si una hita wewe, mtu wa ofisi hajui kwamba hita inapasha injini tu, tenki haliguswi, kule unahitaji dizeli ya msimu wa baridi au dawa.

Nilivyosoma mimi, sisi tunaovuka mkoa na mpaka tuko chini ya sheria ya kazi ya serikali kuu ya Kanada na makato kama haya mwajiri hatakiwi kujikatia bila wewe kukubali kwa maandishi. Mimi sijasaini popote. Ila nyie mliolazimishwa kufungua kampuni zenu ndo mlipwe, nyie mko pabaya zaidi maana watasema huyu sio mfanyakazi wetu, kwahiyo soma karatasi zako vizuri.

Nimeshapiga picha nguzo zote zilizokufa, breka iliyokata, na risiti ninayo. Wakuu wa Manitoba, Alberta na Saskatchewan, kuna aliyewahi kukatwa hivi akarudishiwa? Ulianzia wapi, kwa bosi au moja kwa moja kwenye ofisi ya kazi, na ilichukua muda gani? Nataka majibu ya mtu aliyepitia.