Ushauri: Je, mfumo wa kusawazisha mizunguko unaweza wenyewe kuivusha injini mstari mwekundu?

Mshale Mwekundu
Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uzoefu na magari ya michezo ya manyuo yenye mfumo wa kusawazisha mizunguko ya injini, yaani ule ambao ukikanyaga klachi na kushusha gia, kompyuta yenyewe hupandisha mizunguko ilingane na gia unayoingia, bila wewe kugusa mafuta. Juzi nilikuwa nashusha kutoka gia ya nne kwenda ya tatu, mizunguko ikiwa kama 5,000 kwa dakika, na mfumo ulikuwa umewashwa. Nilipoachia klachi, mshale uliruka ukapita mstari mwekundu, yaani kiwango cha juu cha mizunguko ambacho injini inaruhusiwa, matairi ya nyuma yakalia, kisha hali ikarudi kuwa ya kawaida. Tangu siku hiyo, gari likiwa limesimama huku linaunguruma, nasikia mlio mwembamba wa tik-tik sehemu ya juu ya injini. Swali langu ni moja: je, kompyuta inaweza kukosea hesabu na kusababisha jambo hili? Nitashukuru nikipata jibu la kitaalamu, lililoandikwa vizuri, ambalo naweza kumwonyesha mtu mwingine.

Kisigino cha Zamani
Haya ndiyo tuliyoyasema tangu mwanzo. Mimi nilijifunza udereva kwenye lori ambalo gia zake hazikuwa na sinkro hata moja, zile pete za ndani ya giaboksi zinazolinganisha kasi ili gia iingie kwa ulaini. Ulikuwa unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, mkono wa gia unakutetemesha hadi begani na abiria wote wanageuka kukutazama. Leo kijana anakaa kwenye gari lenye nguvu ya farasi mia tatu na kazi ya mguu wa kulia ameikabidhi kompyuta. Zima huo mfumo, jifunze kukanyaga breki kwa kidole huku kisigino kikigusa mafuta, na hutarudi hapa kuuliza.

Pedali Tatu
Mzee wangu, shikamoo, lakini si kila mtu ana goti zima. Mimi goti langu la kulia lilifanyiwa upasuaji, na bila mfumo huo ningekuwa nimeshahamia otomatiki.

Kwa faida ya wanaotaka kununua: Nissan ndiyo iliyotangulia, kwenye 370Z ya modeli ya 2009, na kitufe chake kipo karibu na mkono wa gia. Corvette ya 2014 ikaja na vibawa viwili nyuma ya usukani, ambavyo wengi hudhani ni vya kubadilishia gia, kumbe kwenye gari la manyuo ni vya kuwasha na kuzima mfumo huu. Zilizoudhi watu ni BMW M3 na M4 za kizazi cha F80, kwa sababu huwezi kuuzima mpaka uzime kabisa na mfumo unaozuia gari lisiteleze, jambo ambalo si la kumshauri mtu anayejifunza. Mazda MX-5 haina mfumo huo, na wenye nayo hujisifia hivyo.

Mshale Mwekundu
Nashukuru kwa michango, ila sijaulizia gari la kununua wala namna ya kujifunza. Nauliza kama kompyuta inaweza kukosea.

Spana Kumi na Saba
Nitakujibu, kisha nawe utanijibu.

Mfumo huo hutumia taarifa chache tu: swichi ya pedali ya klachi, kitambuzi kinachosoma mkono wa gia unaelekea wapi, mwendo wa gari, na mizunguko ya injini. Ukikanyaga klachi na kuusogeza mkono kuelekea gia ya tatu, kompyuta hukokotoa mizunguko inayotakiwa na kufungua hewa ya injini kwa muda mfupi sana. Inafanya hivyo wakati klachi imeachana na injini, na bado kikomo cha mizunguko kipo juu yake, kinachokata mafuta injini ikitaka kuvuka. Kwa hiyo kompyuta kuivusha injini mstari mwekundu kwa nguvu zake yenyewe ni jambo gumu sana. Nguvu ambayo kikomo hakiwezi kuizuia ni ile inayotoka kwenye matairi, pale klachi inaposhika na gia iliyoingia ni ndogo kuliko mwendo wa gari.

Hapohapo niondoe na dhana nyingine: mfumo huu hauziokoi sinkro kama wengi wanavyodai. Klachi ikiwa imekanyagwa, mizunguko inayopanda ni ya injini peke yake, na sinkro bado inabaki na kazi ya kuisawazisha shafti ya giaboksi. Kinachookolewa ni klachi, pamoja na ule mtikisiko wa gari unapoachia pedali.

Sasa zamu yangu. Huyo mtu unayetaka kumwonyesha jibu ni nani?

Mshale Mwekundu
Sioni kama hilo lina uhusiano na swali.

Binti Usukani
Lina uhusiano, ndugu yangu. Mtu mwenye gari lake hahitaji jibu lililoandikwa vizuri, anahitaji fundi.

Mshale Mwekundu
Sawa. Gari ni la kaka yangu mkubwa. Alisafiri kikazi akaniachia ili niliwashe mara moja kwa wiki betri isife, na anarudi Jumapili. Hakunikataza kuliendesha. Niliwahi kumwambia kwamba siku moja nitalipeleka kwenye uwanja wa mbio, akacheka, nami nikalichukulia hilo kuwa ni ruhusa. Ujumbe wa kumweleza kwamba kompyuta ilileta hitilafu nimeshauandika, ila sijautuma. Kabla hamjanihukumu, kumbukeni kwamba matairi na mafuta ya siku ile niligharamia mwenyewe.

Kisigino cha Zamani
Mali ya mwenzio ishike kwa mikono miwili. Mdogo wangu aliwahi kuazima pikipiki yangu akairudisha ikiwa imeoshwa, ikiwa inang'aa kuliko siku niliyoinunua, na hapo hapo nikajua ameiangusha.

Pedali Tatu
Mimi pia nipo safarini na nimemwachia mdogo wangu gari la manyuo. Naomba mwanzisha uzi anitajie rangi tu, nilale.

Hesabu Haidanganyi
Jamani, mnampa mtu pole bila kupiga hesabu. Hadithi hii imetungwa.

Chukueni uwiano wa gia za 370Z kama mfano, yaani injini huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa shafti inayotoka kwenye giaboksi, kwa kuwa unajulikana: ya pili ni 2.324, ya tatu 1.624, ya nne 1.271. Ukiwa gia ya nne kwenye mizunguko 5,000 ukashuka ya tatu, unazidisha kwa 1.624 na kugawanya kwa 1.271, unapata karibu 6,400. Mstari mwekundu wa gari hilo ni 7,500. Magari mengine ya gia sita hayatofautiani sana na hapo. Alichokieleza mwanzisha uzi, yaani mshale kupita mstari na matairi kulia, hakitokei kwa kushusha gia moja kutoka mizunguko hiyo. Ama ametunga, ama anajaribu kuona nani atampa maneno ya kupeleka mahali.

Binti Usukani
Nami nilijiuliza. Halafu gari lenyewe hajalitaja tangu asubuhi.

Mshale Mwekundu
Gari sitalitaja kwa sababu kaka yangu husoma majukwaa kama haya. Na sijatunga.

Hesabu yako ni sahihi, kwa sababu sikuwa nashusha gia. Nilikuwa napandisha. Nilikuwa natoka kwenye kona, gia ya tatu, kama 7,000, na nilitakiwa kuuvuta mkono wa gia moja kwa moja chini uingie ya nne. Mwili ulikuwa bado umelalia upande, nadhani kiganja kiliupeleka mkono kushoto kidogo, ukaingia ya pili. Niliachia klachi haraka kama ninavyofanya siku zote. Niliikanyaga tena papo hapo, labda ndani ya nusu sekunde. Mwanzoni niliandika kwamba nilikuwa nashusha kwa sababu kwenye kupandisha mfumo hauna cha kunyanyua, na nilijua mtaniambia hivyo.

Hata hivyo nauliza: mfumo si uliona kwamba ninaingia ya pili? Kwa nini haukukataa?

Hesabu Haidanganyi
Kwa uwiano ule ule, 7,000 kwenye ya tatu ni zaidi ya 10,000 kwenye ya pili. Naondoa neno la kutunga.

Spana Kumi na Saba
Haukukataa kwa sababu haujui ulichokusudia. Unajua mkono wako umeelekea wapi tu, na huko ndiko unakokuandalia mizunguko. Uliomba ya pili, ukaandaliwa ya pili hadi pale kikomo kilipoishia. Iliyobaki ilimaliziwa na matairi.

Acha kuliwasha, hata kwa ajili ya betri. Kwenye mizunguko kama hiyo springi za valvu, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, hushindwa kuzirudisha valvu kwa wakati, pistoni ikazifikia zikiwa bado wazi. Valvu ikipinda kidogo haifungi vizuri, na mlio unaousikia unaweza kuwa mwanzo wake. Mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda, kisha apime kwa kujaza hewa asikilize inavujia wapi: ikitokea kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Hata vipimo vikitoka vizuri, bolti za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti ya injini) zilizovutika havitazionyesha, ndiyo maana mwenye gari lazima ajue. Na usitegemee kwamba hataona. Kompyuta za Porsche, kwa mfano, huhifadhi kumbukumbu ya injini kupitishwa kiwango, kwa madaraja, pamoja na saa ya injini ilipotokea.

Binti Usukani
Futa ule ujumbe, umpigie leo. Jumapili atakuwa amechoka na safari.

Mshale Mwekundu
Nimewasoma wote na nawashukuru. Nitampigia baada ya kupata vipimo, ili nimpe taarifa kamili badala ya kumtia wasiwasi bure. Fundi anakuja kesho saa mbili asubuhi. Swali la mwisho: ili kupima mgandamizo ni lazima plagi zifunguliwe, sivyo? Je, zikirudishwa vizuri, mtu anaweza kutambua kwamba ziliguswa?

Spana Kumi na Saba
Kaka yako atatambua kabla hajafungua boneti. Mlio wa tik-tik bado upo.