Naomba kujua jina la hili ua la bwawani, haraka tafadhali

Kijana_wa_Majaruba: Wakuu habari za mchana. Niko Bagamoyo, huku kwenye mashamba ya mpunga upande wa Ruvu kuna dimbwi limejaa maua ya bluu yanayoelekea zambarau, mazuri balaa. Bibi mmoja anasema yungiyungi, jirani anasema gugu maji. Kamera ya simu imekufa. Nahitaji jibu leo leo.

Mzee wa Dau: Bila picha tupige ramli? Haya, angalia jani. Yungiyungi jani lake duara, limelala juu ya maji, lina mkato mmoja unaoingia mpaka kwenye kikonyo, na kila ua lina bua lake. Mizizi iko topeni. Gugu maji linaelea tu, vikonyo vimevimba vina hewa ndani, maua yanakaa kwenye shada na petali ya juu ina doa la njano. Hilo la pili asili yake Amerika Kusini, la kwanza ni la kwetu.

Fundi_Pampu: Ruvu hiyo hiyo yenye viboko? Andika wosia kwanza mkuu.

Mama Twaiba: Sie Pangani utotoni tulikuwa tunayavaa, unavunja bua kidogo huku, kidogo kule, ngozi inabaki imeshika, mwisho linaning'inia na ua lake unatia shingoni, ukirudi nyumbani nguo imelowa tope unachapwa. Wanangu wa leo ni simu tu.

Ustadh_Mpole: Dimbwi la nani? Kuchuma cha mtu bila idhini ni dhulma.

Kijana_wa_Majaruba: Mwenyewe karidhia ustadh. Jani lina mkato, kwa hiyo yungiyungi. Ahsanteni.

BintiDunda: Sasa haraka ya nini kaka? Kuna kitu hujasema.

Kijana_wa_Majaruba: Sawa. Kuna dada anapamba maharusi Dar, nimemwahidi mzigo Jumamosi. Advansi nishapokea na gari nishalipia, msianze kunihukumu, maisha magumu na maua yenyewe yanaozea pale.

Mzee wa Dau: Sherehe saa ngapi?

Kijana_wa_Majaruba: Saa mbili usiku. Kwani?

Mzee wa Dau: Yungiyungi la bluu linafunguka asubuhi jua likipanda, alasiri linafumba. Utapeleka matumba.

Fundi_Pampu: 😂😂 Meza kuu imepambwa vitunguu maji

Chumvi_Kidogo: Hii chai. Bibi, jirani, mwenye dimbwi, dada wa Dar, wote hao hakuna hata mmoja mwenye simu ya kupiga picha? Halafu juzi huyu huyu alileta uzi anauliza bei za kumbi. Anaoa mwenyewe huyu!

Kijana_wa_Majaruba: Ule ulikuwa wa binamu.

BintiDunda: Makubwa. Mahari umetoa lakini?

Mama Twaiba: Muacheni mtoto wa watu. Wapambaji wanadondosha nta ya mshumaa pale petali zinapoanzia, ua likiwa limefunguka, halifumbi. Uchume asubuhi.

Chumvi_Kidogo: Binamu upande gani? Jibu.

Kijana_wa_Majaruba: Mama Twaiba, mshumaa huu wa kawaida wa dukani au kuna wa aina yake?