Tupeane uzoefu: uliyefika Japani kwenye sehemu zilizochorwa ndani ya anime (katuni za Kijapani), ulikuta nini?

Wakuu, habari za wakati huu. Humu tupo tuliokwenda Japani kwa masomo na kazi, na najua wengine mlianza kuipenda nchi ile siku mliyojaziwa anime kwenye flashi. Aliyefika sehemu iliyochorwa atusimulie. Wajapani safari hizi wanaziita seichi junrei, yaani kuhiji.

Naanza mwenyewe. Ngazi za mwishoni mwa filamu ya Kimi no Na wa (2016), zenye vyuma vyekundu vya kushikia, ziko Tokyo, pembeni ya hekalu la Suga, Yotsuya. Nilishuka Yotsuya-sanchome nikapita vichochoro vya nyumba za watu hadi nikadhani nimepotea. Nilipofika, bibi mmoja alikuwa anapanda na mfuko wa mboga, kila baada ya ngazi chache anatua, mkono kwenye chuma. Nikarudisha simu mfukoni mpaka alipofika juu. Kumbe ni njia yake ya nyumbani! Nilikaa pale karibu saa nzima, nikiwaangalia wanafunzi wakishuka na mabegi yao.

#2
Mkuu, mimi ni Kamakura. Kivuko cha reli cha Slam Dunk, ile katuni ya mpira wa kikapu, jirani na stesheni ya Kamakurakokomae. Nilianza kucheza kikapu sekondari kwa ajili ya katuni ile, kwa hiyo nilifika moyo unanidunda. Watu walikuwa wamemwagika hadi katikati ya barabara wakipiga picha, na walinzi wanawasihi wasogee. Iliniuma sana, maana wenyeji wanapita hapo kwenda kazini. Nikarudi kesho yake alfajiri. Kengele ikalia, kizuizi kikashuka, treni ya kijani ya Enoden ikapita na bahari nyuma yake. Nililia, wala sioni haya kusema.

#3
Nendeni Toyosato, mkoa wa Shiga. Ni shule ya msingi ya zamani iliyojengwa mwaka 1937, ramani ilichorwa na William Merrell Vories, Mmarekani aliyehamia Japani. Shule ya K-On! (2009), anime ya wasichana wa bendi ya shule, imechorwa kutokana na jengo hili. Miaka ya 2000 mwanzoni lilitaka kubomolewa, wakazi wakasimama kidete mpaka likabaki. Anime ilikuja baadaye, ikakuta jengo limeshapiganiwa.

Unavua viatu mlangoni, unavaa ndara. Kile chumba cha muziki kipo ghorofani, na mashabiki wamepanga meza na vikombe vya chai kama vile wasichana wametoka sasa hivi. Lakini kilichonishika mimi ni ngazi. Juu ya mbao za kushikia kuna sanamu ndogo za shaba, sungura na kobe! Chini wanaanza mbio, ukipanda unamkuta sungura amelala, na huko juu kobe ameshamtangulia. Hadithi ileile tuliyosimuliwa utotoni, nikaikuta Shiga. Nilipanda na kushuka mara tatu, kila mara nikimgusa kobe mgongoni.

Usafiri: fika Hikone, kisha panda treni ndogo ya Ohmi hadi stesheni ya Toyosato. Shule haiko mbali, kwa miguu unafika.

#4
Mimi nilivuka bahari kutoka Kagoshima hadi kisiwa cha Yakushima. Wachoraji wa filamu ya Princess Mononoke (1997) walikwenda kule kuusoma msitu, hasa bonde la Shiratani Unsuikyo. Mvua ilininyeshea tangu asubuhi. Mawe, mizizi, magogo, vyote vimevaa kuvumwani, ule uoto laini wa kijani, na ukisimama husikii ila maji. Mie mtoto wa Lushoto, nilidhani misitu ya ukungu naijua, lakini kijani cha pale kilininyamazisha. Vaa viatu vinavyoshika, mawe yanateleza, na usichume wala kukanyaga ile kuvumwani.

#1
#3, kwa huyo kobe umenimaliza. Mimi niko Kyoto sasa, Shiga ni hapa jirani tu, na miaka yote hii sikuwahi kusikia habari zake. Jumamosi nakwenda. Kuna mtu amefika Chichibu, kwenye daraja la zamani la anime ya Anohana? Ajitokeze, safari inayofuata ni huko.