Msimamizi wa ligi yetu ya kriketi ya karne ya 19, mechi yangu ya Lord's irudiwe

Wakuu,

Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Nimemwandikia msimamizi wa ligi mara nne, akajibu mara moja tu, tena kwa maneno matano: "Programu ndivyo ilivyo, tuendelee kucheza." Basi nalileta hapa.

Kwa msioijua, hii ni ligi ya kubuni inayochezeshwa na kompyuta. Kila mmoja ana timu yake, na mechi zinachezwa England ya enzi za Malkia Victoria. Historia inageuka sehemu moja tu. Mwaka 1868 timu ya wenyeji asilia wa Australia ilizuru Uingereza, ikacheza mechi 47, ikashinda 14, ikapoteza 14, na 19 hazikupata mshindi. Mwaka uliofuata koloni la Victoria, huko Australia, likapitisha sheria iliyoipa bodi ya serikali mamlaka ya kuwapangia watu hawa mahali pa kuishi na kazi ya kufanya. Safari za kriketi zikaishia hapo. Sisi tuliuliza: sheria ile isingepita, ingekuwaje? Wangerudi Uingereza 1871, wangefika wapi?

Nilijiunga kwa sababu ya swali hilo, nikaichukua timu hiyo. Tukakubaliana wote, kwa maandishi, kwamba kinachobadilika ni sheria ya 1869 peke yake. Kanuni za kriketi, viwanja na hali ya hewa vinabaki kama vilivyokuwa wakati ule. Ukibadilisha kila kitu hujabuni historia nyingine, umetunga mchezo wowote tu.

Sasa sikilizeni kilichonikuta uwanja wa Lord's, London, msimu wa 1871.

Nilianza kupiga, nikapata mikimbio (pointi za kriketi) 241. Wapinzani wakatolewa wote kwa 118, nyuma yangu kwa 123. Kwa kanuni za wakati ule, timu ikiachwa kwa mikimbio 80 au zaidi zamu ya kwanza kati ya zamu zake mbili za kupiga, inarudi kupiga papo hapo. Nahodha hakuwa na hiari. Hiari ilikuja 1900. Usiku ule programu ikaleta mvua, na pichi (ule ukanda wa katikati ambapo mpira unadunda) za enzi hizo hazikufunikwa. Mtu yeyote anayeujua mchezo huu anaelewa maana yake: asubuhi yake pichi ni tope, mpira unaruka huku na kule, na mwenye warushaji wazuri anamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Warushaji wazuri nilikuwa nao mimi!

Programu ikafanya nini? Ikawarudisha wapigaji WANGU kwenye lile tope. Tukatolewa kwa 64. Kisha jua likawaka, pichi ikakauka, wapinzani wakatafuta 188 na kuzipata, wakiwa na sita (pigo moja la mikimbio sita) mara tisa ndani yake. Sita mara tisa, mwaka 1871! Wakati ule England, ili upate sita, mpira ulitakiwa utoke nje kabisa ya uwanja. Kuvuka mpaka kwa juu hakukutosha, na utaratibu huo ulidumu hadi 1910. Halafu ova (mfululizo wa mipira ya mrushaji mmoja) zote za mechi ile zilikuwa na mipira sita. Ova ya England ilikuwa na mipira minne hadi 1889. Mechi iliyotangulia, nahodha mwingine alifunga zamu ya timu yake kwa hiari, akiwa na wapigaji wengi ambao hawajatolewa, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa hadi 1889.

Kwa ufupi tumepewa kompyuta ya kriketi ya leo, ikabadilishwa tarehe tu.

Hayo ya kanuni ningeweza kuyavumilia kama yangerekebishwa. Linaloniumiza zaidi ni wachezaji wenyewe. Baada ya kulalamika, nikakuta alama za uwezo za Johnny Mullagh, mchezaji wa timu ile ya 1868, zimeshushwa kimyakimya kutoka 81 hadi 54, huku Mwingereza W.G. Grace akipewa 98. Grace sina neno naye, alipata mikimbio 2,739 mwaka 1871 na alistahili. Lakini Mullagh? Sababu iliyoandikwa ni kwamba "alicheza na timu dhaifu". Mullagh alipata mikimbio 1,698 na wiketi 245 (wapigaji aliowatoa) katika ziara moja. Alipiga 75 Lord's dhidi ya MCC, klabu ya kriketi yenye uwanja huo, kwenye pichi iliyokuwa mbaya kiasi kwamba miaka miwili baadaye mpira uliruka ukampiga George Summers wa Nottinghamshire kichwani, akafa. Mwaka 1879 Victoria ilimchagua dhidi ya kikosi cha Waingereza cha Lord Harris, na zamu ya pili ndiye aliyeongoza timu yake kwa 36. Kumpa mtu huyu 54 ni kuirudia dhuluma ileile ambayo ligi hii iliundwa kuiondoa.

Jina la kweli la Mullagh, kwa taarifa yenu, ni Unaarrimin. Niliomba majina ya kweli yawekwe, kwa sababu yale ya Twopenny, Sundown na Dick-a-Dick wachezaji hawa walipachikwa na wazungu. Sikujibiwa. Badala yake msimu huu nimeongezewa mchezaji, King Cole, yaani Bripumyarrimin. Huyu alifariki London Juni 1868, katikati ya ziara, akazikwa hukohuko. Njia panda yetu ni 1869. Alikwishakufa kabla yake. Sikumwomba, na sitampanga. Muacheni apumzike.

Nataka mechi ya Lord's irudiwe kuanzia asubuhi ya siku ya pili, wapinzani wakipiga kwenye pichi iliyolowa. Nataka ova za mipira minne kabla ya raundi ijayo, alama za Mullagh zirudi 81, na Bripumyarrimin aondolewe kwenye orodha yangu. Nakala za makubaliano yetu na matokeo ya kila ova ninazo, nitaziweka chini hapa leo usiku.

Msimamizi najua unasoma. Jibu hapahapa mbele ya wote, ujumbe wa faragha sifungui.