Ami na mechi ya siku nne

*Shangazi Mkubwa:* Assalam aleikum wote. Nakumbusha tena, hina Alhamisi kwangu, akdi Jumamosi baada ya adhuhuri, walima Jumapili. Pini za mitandio kila mtu aje na zake. Na walii wa kumuoza bi harusi nimuone msikitini saa sita u nusu, kanzu imepigwa pasi

*Ami:* Waaleikum salaam dada. Nimeona. Ila Jumamosi ni siku ya pili

*Shangazi Mkubwa:* Ya pili ya nini??

*Dadake Bi Harusi:* Kriketi 😂😂 Leicestershire, timu yake ya kaunti hapa Uingereza, wako nyumbani Ijumaa mpaka Jumatatu. Kwenye kalenda ya friji ameandika mechi juu ya HARUSI

*Mama Bi Harusi:* Siku NNE? Mechi gani hiyo jamani, watu hawana makwao

*Ami:* Shemeji nisikilize, harusi siikatai, marehemu kaka aliniachia watoto hawa na walii ni mimi, hilo halina mjadala. Lakini timu hii ilishushwa daraja 2003 ikakaa huko chini mpaka 2025 ndo ikachukua Divisheni ya Pili ikapanda. 2013 na 2014 haikushinda mechi ya siku nne hata moja, misimu miwili mizima, na mimi nilikuwa pale pale uwanjani kwao Grace Road na chupa yangu ya chai na mahamri kwenye foili, tumekaa mimi na wazee wajaza mafumbo ya gazeti. Leo wacheza na wakubwa ndo niambiwe nikae nihesabu viti?

*Shangazi Mkubwa:* Viti vishahesabiwa. Twataka mkono wako tu uushike wa bwana harusi

*Ami:* Ndo nilipotaka kufika. Yaanza saa tano. Saa saba watoka kula, dakika 40. Mimi natoka ova mbili kabla, yaani mipira 12, msikiti wa Highfields si mbali, nashika mkono, namuoza, akubali, nala haluwa kipande kimoja narudi

*Mjomba Mombasa:* Dakika 40 na sheikh yule? Akishashika maiki wewe chai ya mapumziko ya pili itakukuta hapo hapo kwenye zulia 🤣

*Dadake Bi Harusi:* Na pakingi je

*Mama Bi Harusi:* Na picha?? Mwanangu apige picha na nani, na kiatu cha ami yake?

*Dadake Bi Harusi:* Simu yasema Jumamosi mvua

*Shangazi Mkubwa:* Isinyeshe! nimefunga hema uani

*Ami:* Ikinyesha wafunika uwanja, mimi ni wenu siku nzima. Ombeni wenyewe mnachotaka

*Mjomba Mombasa:* Hivi kaunti za Waingereza zatuhusu nini sisi

*Ami:* Wee! Basharat Hassan mzaliwa wa Nairobi, kachezea Nottinghamshire toka miaka ya 60 mpaka ya 80. Derek Pringle wa Essex naye kazaliwa Nairobi, na babake alichezea Afrika Mashariki kombe la dunia 1975. Collins Obuya wa Kenya alipowatoa Sri Lanka wapigaji 5 pale Gymkhana Nairobi 2003 Warwickshire wakamchukua mwaka huo huo. Zatuhusu sana

*Mjomba Mombasa:* Haya basi nimenyamaza

*Bibi:* 🎤 Ujumbe wa sauti

*Dadake Bi Harusi:* Naandika kwa walio kazini. Bibi asema: "Baba yake huyu siku ya kuja kunichumbia alitokea Mombasa Sports Club na suruali nyeupe, goti zima udongo, mamangu kamtia chumbani kampa kikoi. Kwa hivyo najua ugonjwa wenyewe. Ijumaa na aende, Jumatatu na aende. Jumamosi akikanyaga huko, mimi na miguu yangu hii mibovu napanda ndege naja."

*Mama Bi Harusi:* Mama Mungu akuweke 🤲🤲

*Ami:* Sawa mama nimesikia. Jumamosi ni yenu. Walima Jumapili ni saa ngapi?

*Shangazi Mkubwa:* Kumi na moja jioni

*Ami:* Wao wamaliza saa kumi na mbili hivi

*Shangazi Mkubwa:* Kumi na moja

*Ami:* Sawa

*Shangazi Mkubwa:* Na Ijumaa kabla hujaenda kwenye mahamri yako pitia kwa muuza nyama, mbuzi wa biriani nimeandikisha jina lako

*Ami:* Afungua saa ngapi yule?